Kitabu Kwenye Foleni ya Mawe

Mwaka ule wa dhiki ya sukari, foleni ya duka la Kasubi ilikuwa ya mawe. Uliweka jiwe lako alfajiri ukaenda zako, na jiwe likaheshimiwa kuliko wewe mwenyewe. Bibiane, jirani yangu wa kutoka Bukavu aliyeuza karanga, alikuwa na jiwe jeusi alilolifunga utepe. Mimi, mjane wa Mwalimu Oduor, mwenye cheti cha ualimu ukutani, niliona haya kuwakilishwa na jiwe. Nikaweka kitabu.

Nilichagua kinene kuliko vyote vya marehemu: kile kilicholinganisha ukomunisti, ujamaa na ubepari. Wapitao wajue hapa kasimama mtu aliyesoma. Kwamba siku hizo za utawala wa kijeshi watu walitoweka kwa makosa madogo kuliko hilo, sikukumbuka. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemfundisha Bibiane kitabu kizima, naye akichambua karanga barazani.

"Katika ukomunisti, kila mtu hupewa kadiri ya haja yake."

"Na nani anapimaka haja, Mama Mwalimu?"

"Kamati."

"Hiyo kamati inapangaka foleni?"

Nikahamia ujamaa: maduka ni mali ya umma. Kisha ubepari: mwenye duka huuza apendavyo. Akacheka hadi karanga zikamwagika.

"Basi duka yetu iko na yote tatu! Serikali ilinyang'anya Mhindi duka kwa jina ya umma, ikapatia afande, naye anauzaka vile anapenda, na sisi wote tuko sawasawa: hakuna mwenye sukari."

Nilimwambia hajaelewa nadharia.

Tuliporudi foleni saa tatu asubuhi, askari alikuwa amekishika kitabu changu.

"Kitabu hii ya nani?"

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina letu kamili kwa mwandiko mzuri wa marehemu, pamoja na namba ya nyumba. Jina ambalo sikuruhusu hata litamkwe vibaya. Mimi, hodari wa kusahihisha watu, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Yangu, afande," akasema Bibiane, beseni kichwani. "Ya kufungia karanga. Onja tu."

Akakitwaa, akachana ukurasa uleule wa kwanza, akaukunja kama pembe, akaujaza karanga. Askari akaondoka akitafuna.

"Jina letu!" nilimnong'oneza.

"Fuata, basi. Mi nabaki na jiwe."

Nikafuata. Msomi mzima nilimwandama askari mtaa kwa mtaa, nikijifanya natafuta kuku aliyepotea, mpaka alipoitupa karatasi mtaroni. Niliiokota na chumvi yake.

Niliporudi, sukari ilikuwa imekwisha. Bibiane alikuwa amepata kilo moja. Akaigawa kwa kijiko, nusu yangu akaifunga kwa ukurasa kutoka sura ya ukomunisti.

"Kadiri ya haja," akasema.

"Na kamati?"

"Kamati ni mimi."

Sikumsahihisha. Kesho yake nilikwenda kutafuta jiwe.