Mama Kaliza na Wamisionari wa Gikondo

Médiatrice alikuwa na miaka hamsini na minane, duka la vitenge Muhima, nyumba ya vyumba vitatu Kimisagara, na Kiswahili ambacho watu wa Kigali walikuwa wakigeuza shingo kukisikiliza. Hakukiokoteza. Alikulia nacho Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, ambako wazazi wake walikimbilia kabla hajazaliwa, na ambako mtoto aliyempita mtu mzima bila salamu alirudishwa alikotoka aanze safari upya.

Kiswahili hicho ndicho kilichomleta Winifred dukani asubuhi moja ya mwezi wa sita. Winifred, mwanamke mrefu aliyekulia Uganda, alikuwa mkuu wa shule ndogo kule Gikondo, nyuma ya magereji. Shule hiyo ilikuwa ikiwaandaa wamisionari, vijana Wanyarwanda waliotaka kupeleka injili na kuishi kwenye lugha na desturi zisizo zao. Kila mara alikuwa akifika kununua kitenge. Siku hiyo hakugusa nguo yoyote.

"Mama Kaliza, nina mwanafunzi anakwenda Ujiji mwezi wa tisa. Nataka akae kwako wiki tatu. Ale mnachokula, na asizungumze chochote ila Kiswahili."

"Mimi Mkatoliki, dada. Nyinyi walokole."

"Ndiyo maana nataka akae kwako."

Médiatrice akacheka. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na Kaliza, binti yake, alikuwa ameolewa. Chumba kilikuwa kitupu. Akakubali.

Mwanafunzi huyo, Rodney, alifika Jumamosi akiburuta sanduku la magurudumu ambalo ngazi za Kimisagara zilikataa katakata kulipitisha, ikabidi alibebe kichwani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kampala kwa wazazi Wanyarwanda. Kiingereza na Kiganda vilimtiririka kama maji. Kiswahili alikuwa amekipata kwa askari wa vizuizini, kwa hiyo kila alichojua kilikuwa amri.

"Wewe mama, leta maji," alisema jioni ile ya kwanza, kwa tabasamu tamu kabisa, akiamini ameomba kwa adabu.

Médiatrice akamtazama mikononi kuona kama ameshika bunduki.

"Mwanangu, umeniteka?"

"Hapana, mama. Mimi iko na kiu."

"Basi Kiswahili chako kimevaa buti. Kivulie hapo mlangoni. Sema: mama, naomba maji."

Rodney akasema. Akapewa maji. Akasema tena bila kuhitaji maji, kwa kuyazoeza tu maneno mdomoni, na Médiatrice akaona kwamba huyu si mjeuri, ila hakufundishwa.

Siku ya tatu, wakiwa kwenye maharage na ndizi, Rodney alitoa Biblia mfukoni, akasafisha koo, akamuuliza kama anajua atakwenda wapi akifa.

Médiatrice akaweka kijiko chini.

"Rodney, umelala kwangu siku tatu. Nina watoto wangapi?"

Kijana akatupa macho ukutani, akitafuta picha za watoto.

"Marehemu mume wangu alikuwa akifanya kazi gani? Mimi nimezaliwa wapi?"

Hakujua hata moja.

"Hujui nilikotoka," Médiatrice akasema kwa upole, "unaniuliza ninakokwenda."

Mtu mwingine angenuna. Rodney alifunga kitabu, akasogeza sahani kando. "Basi nisimulie, mama."

Akamsimulia. Buyenzi, ushonaji wa mama yake, kisha safari ya kurudi mwaka tisini na tano kwenye nchi aliyoijua kwa hadithi za baba tu. Sokoni, wanawake waliiga Kinyarwanda chake chenye lafudhi ya Kirundi, wakamuuliza lini atarudi kwao. Mwaka mzima aliuza nguo kwa kunyoosha kidole, kwa kuogopa kufungua mdomo. Aliyemtoa katika hali hiyo alikuwa jirani mmoja, bibi wa Kimisagara, aliyekuwa akipita kila asubuhi kumuuliza ameamkaje, na kusimama pale pale mpaka ajibiwe.

Rodney alisikiliza akiwa ameshika kidevu. "Mimi pia," alisema mwishoni. "Kampala watoto waliniambia nirudi Rwanda. Nilipokuja Rwanda, waliniita Mganda."

"Haya, kumbe unajua. Ugeni huna haja ya kufundishwa. Umeusahau tu."

Wiki iliyofuata, jirani yao Ismaël, fundi wa magari, alikuwa akimwoza binti yake. Ismaël alikuwa Mwislamu, na nyumba yake ilitenganishwa na ya Médiatrice kwa ukuta mmoja.

"Kesho asubuhi tunakwenda kusaidia," Médiatrice akamwambia mgeni wake. "Wewe utabeba kisu."

"Kisu cha nini?"

"Cha vitunguu. Biblia yako itapumzika nyumbani."

"Na wakiniuliza mimi ni nani?"

"Utawaambia kweli. Sikukuambia udanganye. Nimekuambia usitangulize."

Walikuta gunia zima la vitunguu limemwagwa uani, na sufuria za pilau zimepandishwa juu ya mafiga. Rodney akakalishwa kati ya wanaume wanne. Vitunguu vyake vya kwanza alivikata vinene kama vipande vya ndizi, akarudishiwa. Machozi yakamtoka, kamasi zikamtoka, akawa anaomba afundishwe, na kila alipoomba, alikosea neno moja na wenzake wakamsahihisha wote kwa pamoja. Kufika adhuhuri alikuwa akikata vyembamba kama nyuzi, na shati lake jeupe lilikuwa limegeuka manjano ya bizari.

Médiatrice alikuwa mkekani na wanawake, akichambua mchele, sikio moja ameliacha upande wa wanaume. Ndipo alipomsikia Ismaël akiuliza, "Kijana, kazi yako ni ipi?"

Mkono wake ukasimama ndani ya mchele.

"Mimi ni mmisionari, mzee," Rodney akajibu. "Nasoma Gikondo. Mwezi wa tisa ninakwenda Ujiji kuishi na kuhubiri injili."

Ismaël akamgeukia mzima mzima.

"Umekuja kutuhubiria?"

"Hapana. Leo nimekuja kukata vitunguu. Mama Kaliza amesema sijui kitu."

Kicheko kilianzia kwa wanaume, kikaruka hadi mkekani, na Ismaël mwenyewe ndiye aliyechelewa kukimaliza. "Hilo la mwisho tumeliona," alisema akijifuta macho. "Sikiliza. Dini yangu siiachi, nakuambia mapema tusipotezeane wakati. Lakini mtu anayetaja kazi yake bila kuificha, huyo nakula naye." Kisha akaongeza kwamba mkewe ana shangazi Ujiji, Bi Zaituni, na kwamba kijana akifika aende kumsalimu. "Ila usimkatie kitunguu kinene. Yule mama hana mchezo."

Siku ile Rodney alikula pilau kwa mkono, katika sinia moja na watu sita. Médiatrice alipomwona kutoka mbali akibishana na mafundi juu ya mpira, alijisikia kama aliyemwona mwanawe akitembea mara ya kwanza.

Habari hizo zilifika Gikondo, na Winifred akarudi dukani. Safari hii alitaka Médiatrice awafundishe wanafunzi wote.

"Mimi niliishia darasa la sita," Médiatrice akasema. "Nitasimama mbele ya watu wenye digrii niseme nini?"

"Ulichomwambia Rodney."

Akakataa. Siku mbili alikuwa akipanga vitenge vilivyokwisha kupangika. Siku ya tatu, Jumanne, akafunga duka, akavaa kitenge chake cha zambarau cha misa ya Krismasi, akapanda gari la Gikondo.

Winifred ndiye aliyeanza somo. Alichora ubaoni mlima wa barafu unaoelea baharini. Ncha yake ndogo juu ya maji ndiyo mavazi na chakula cha watu, akaeleza. Sehemu kubwa iliyozama ndiyo imani zao, hofu zao, na wanachokionea aibu. Médiatrice, aliyekaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono.

"Samahani. Nani hapa amewahi kuuona huo mlima?"

Wanafunzi kumi na wawili wakatazamana. Hakuna. Winifred akakiri kwamba hata yeye alikuwa ameusoma kitabuni.

Médiatrice akaomba chaki. Alichora mmea uliofanana zaidi na mbuzi aliyelala chali, darasa likaangua kicheko, na kicheko hicho kikamwondolea woga.

"Huu ni muhogo," alisema. "Majani tunayaona. Tunayachuma, tunapika isombe, tunashiba, tunasema tumeshawajua wenye shamba. Lakini muhogo wenyewe uko chini. Ukiuvuta kwa pupa unakatika, nusu inabaki ardhini, na mwenye shamba anakuona mharibifu. Chimba pembeni. Tikisa kidogo. Ngoja."

Kalamu zikaanza kukwaruza karatasi. Winifred akafuta mlima wake kwa kiganja.

Tangu hapo kila Jumanne ikawa yake. Alikuwa akiwachukua wanafunzi wawili wawili hadi dukani na kuwapa kazi moja: wazungumze na wateja saa nzima bila kusema lolote kuhusu wao wenyewe. Christella, binti aliyesifika kwa kuhubiri, alishindwa dakika ya nane, akajiangalia kwa mshangao, akaomba kurudia kesho yake. Paroko wa Médiatrice alipozisikia habari hizo alimuuliza kwa utani kama ameokoka.

"Hapana, padri. Nawatia adabu kabla hawajasafiri. Hata mapadri vijana mkitaka, walete."

Rodney aliondoka mwezi wa tisa. Kituoni Nyabugogo Médiatrice alimkabidhi kitenge cha kumpelekea Bi Zaituni, maana mgeni haendi mikono mitupu. Kijana akasimama pale, begi mgongoni.

"Mama, naomba unibariki."

Bila kufikiri akamchora msalaba kwenye paji la uso, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wake. Kisha akakumbuka kwamba huyu ni mlokole. Lakini Rodney alikuwa amefumba macho, hakurudi nyuma hata hatua moja.

Miezi miwili baadaye alimpigia simu. Bi Zaituni alikuwa amempokea, amempatia chumba kwa mtu anayemfahamu, na alikuwa akimsahihisha Kiswahili mbele za watu bila huruma.

"Umeshahubiri?" Médiatrice akauliza.

"Bado, mama. Lakini jana mwenye nyumba ameniuliza kwa nini kila asubuhi nakaa kimya nimefumba macho."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nasali. Akaniuliza nasali nini. Nikamuuliza naye anasali nini. Tulikaa mpaka chai ikapoa."

Mteja alikuwa amesimama mlangoni akinyoosha kidole kwenye kitenge cha kijani. Médiatrice akamwonyesha kiti kwa mkono, akavuta kigoda chake, akaketi.

"Haya," akasema kwenye simu, "nieleze tangu mwanzo, usiruke."