Trekta Juu ya Mfereji wa Watu

Mlio wa kwanza haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa mtu anayevunja mua gotini, kisha maji yakaanza kunguruma namna ambayo maji ya mfereji hayangurumi, na mimi, mwenye shahada mbili na aibu isiyopimika, nilijua hata kabla ya kugeuka kwamba daraja la Baba Mdogo Elirehema limekatika na kwamba trekta lililokuwa juu yake nililichagua mimi.

Siku iliyofuata, Jumapili, Neema wa Baba Mdogo alikuwa apate kipaimara, wageni walitegemewa kutoka Elerai na huku kwetu mlimani, na mkaratusi uliokatwa tangu masika nyuma ya migomba ulikuwa bado magogo mazima, haujawa kuni. Fundi mmoja wa Ngaramtoni hukodisha mashine za haidroliki za kupasulia magogo, na anazo za aina mbili: moja hufungwa mbele ya trekta mahali pa kijiko cha kuzolea udongo na kulifuata gogo lilipolala; nyingine ina injini yake ndogo na magurudumu mawili, husimama peke yake, na gogo ndilo hupelekwa kwake. "Wewe ndiye msomi, chagua," alisema Baba Mdogo, nami nikachagua kwa uangalifu wa kutisha, nikalinganisha nguvu ya msukumo, mafuta, muda, hata migongo ya watu watakaoviringisha magogo, nikahitimisha kwamba ya trekta ndiyo bora. Nililolisahau ni kwamba ile ndogo ingevushwa kwa mikono, ilhali trekta, pamoja na kile chuma kizito puani, lingevuka mfereji kwa daraja la miti lililozoea ng'ombe.

"Dada, hili limepita mitoni," dereva alinihakikishia, "litashindwa na kamfereji?" Nikamwambia magurudumu mapana hugawanya uzito. Tuliridhishana vizuri sana.

Gurudumu la mbele lilizama, ukingo ukamomonyoka, na maji yote yakageukia migombani hadi kwenye meko ambayo Mama Mdogo alikuwa ameyapanga tangu asubuhi.

"Mimi niko salama, msihofu," dereva akasema kutoka kitini.

"Nani kakuuliza?" Mama Mdogo akamjibu, kisha akanitazama. "Tuliomba kuni, mama. Umetuletea ziwa."

Meko yangehamishwa, maji ndiyo yaliyonitia hofu. Mfereji ule si wetu, huenda kwa zamu, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Nderingo, mjane aliye chini yetu, maharage yake yakiwa kwenye maua na vuli ikiwa imegoma. Desturi inajulikana: ukivunja ukingo, unampigia mwenyekiti wa mfereji mara moja, wewe mwenyewe; ukisubiri hadi walio chini waje kuuliza, nyumba yenu nzima hufungiwa zamu yake ya maji, na Baba Mdogo, ambaye wakati huo alikuwa kanisani na Neema kwenye mazoezi ya mwisho, alikuwa na miche ya kahawa isiyoweza kukaa bila maji.

Nami nilifanya nini? Nilijaza udongo kwenye viroba, maji yakavibeba, nikajaza vingine, katikati ya hayo nikatunga kichwani maelezo yenye utangulizi, sababu na mapendekezo.

"Mpigie," Mama Mdogo akasema.

"Natafuta namna ya kuanza."

"Anza na shikamoo."

Bado nikasita, hadi nikasikia sauti ya Mama Nderingo ikipanda kupitia migombani, bila hasira, akiuliza kama kuna mtu anajua maji yamekwenda wapi. Hapo ndipo nilipoapa kwamba katika maisha yangu sitatafuta tena maneno mazuri ya kusemea jambo baya wakati linaendelea kuharibika. Kiapo kizuri, kilichochelewa. Nikapiga.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mtoto wa kaka yake Elirehema. Nimevunja mfereji."

"Marahaba. Sasa hivi?"

"Hapana, mzee. Muda umepita."

"Wa chini wameshakuja?"

Mama Nderingo alikuwa amesimama mbele yangu, jembe begani, akinisikiliza.

"Wameshakuja."

"Basi zamu yenu imefungwa, binti yangu. Elirehema umwambie wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mimi," nikasema, nikasubiri aseme neno jingine, lakini alikuwa amekwisha kukata.