Kwato za Juno

Lowell Tjaden alifuga nguruwe, na nguruwe ndio waliomlisha. Lakini ukiketi mezani kwake, huku kaskazini mwa Iowa ambako kila mtu ana nguruwe, hakuambii habari zao. Anakumiminia kahawa na kuanza: miaka ya hamsini wakili mmoja wa huku kwetu alinunua farasi jike wa madoa, tayari ana mimba ya dume mfupi wa Shetland, na jike huyo akazaa mtoto mweupe aliyepakwapakwa weusi, na ubavuni ana doa mithili ya kiganja. Kwa huyo ndiko walikoanzia poni wetu, farasi wafupi wa madoa. Mimi jirani yake nimeisikia hadithi hiyo mpaka nimeichoka. Arlene mkewe huondoka mezani akaoshe vyombo ambavyo ni visafi.

Juno, poni wake, alikuwa na kila alama ya aina hiyo: madoa meupe kiunoni, vipaku kwenye ngozi ya pua, milia kwenye kwato, na weupe wa macho kama wa binadamu, hata akikutazama unahisi umeulizwa jambo. Alikuwa mpole pia. Marlys, binti pekee wa Lowell, alimpanda tangu poni huyo alipoanza kuzoeshwa tandiko. Poni hawa ni wa watoto. Katika maonyesho mtu mzima haruhusiwi kuwapanda. Kasoro ya Juno ilikuwa urefu, maana poni hawa wana kikomo. Mama yake alikuwa mrefu naye akamfuata, na mwaka ule alitakiwa kupimwa kwa mara ya mwisho. Asipokizidi kijiti cha kupimia, anapata cheti cha kudumu; akikizidi, anafutwa kwenye orodha, wala hakanyagi uwanja tena.

Asubuhi ya kupimwa nilimkuta Lowell ameinama chini ya Juno na tupa mkononi. Kupunguza kwato kabla ya kipimo tunafanya sote, na hatusemi. Ila yeye alikuwa ameshapitiliza.

"Lowell, acha basi. Utafika kwenye nyama."

"Kwani wako walipita kwa maombi?"

"Wangu wafupi kama bwana wao."

Hakucheka. Aliendelea kukwangua. Marlys alikuwa mlangoni mwa banda, tayari amevaa buti.

"Baba, anavuta mguu."

"Hajazoea tu, mwanangu. Akikanyaga nyasi atakuwa sawa."

Kwenye maonyesho walimsimamisha juu ya sakafu ya saruji, wakashusha kijiti mabegani. Alipita kwa unene wa ukucha. Lowell alipokea cheti kwa mikono miwili huku machozi yanamlengalenga, nami nilifurahi kwa ajili yake, sitaki kuficha.

Mchana watoto waliitwa kuingia na poni wao. Njia ya kwendea uwanjani ilikuwa ya kokoto, na Juno alikuwa anachechemea waziwazi. Marlys hakupanda. Alifungua tandiko, akalitundika kwenye uzio, akamgeuza poni mbele ya watu wote. Lowell alimfuata mbio.

"Marlys, wanakuita. Panda, mzunguko mmoja tu."

"Anaumia, baba."

"Wiki ijayo atakuwa amepona. Tumeshapita, huoni?"

"Naona. Kwato zitaota, watu watasema amezidi, utazikata tena."

"Sitazikata."

"Basi atakuwa amezidi."

Sisi tulioegemea uzio tulitazama kwingine. Mimi nilikuwa na tupa yangu ndani ya gari, nikaona aibu.

"Mimi sipandi tena," Marlys akasema, bila hasira, kama mtu anayekataa kipande cha pili cha pai. Akamwekea baba yake kamba mkononi. "Cheti ni chako. Mpande wewe."

Siku hizi Juno yuko malishoni nyuma ya banda la nguruwe. Cheti chake ni halali, na kwato zimeota vizuri, ndefu zenye milia. Lowell hajazigusa, na hakuna aliyempanda.