Kijito cha Ampuinicasia

Eleuterio Ccahuana hakujua kusoma, ila neno moja, aliloonyeshwa zamani na mwalimu, angelitambua hata likigeuzwa juu chini. Siku wahandisi walipotandaza ramani kuukuu ya bonde lao katika ukumbi wa kijiji, ili wakazi wasahihishe majina kabla ya kuchorwa mpya, alitema majani yake ya koka, akafuta kidole kwenye poncho, akaupanda nacho mto mkubwa taratibu mpaka pale mistari ya mwinuko ilipobanana kama nywele zilizosukwa.

"Hapa," alisema.

Mhandisi Ximena aliinama. "Kijito cha Ampuinicasia. Jina gani hili, mzee?"

"La mpima ramani kiziwi," alidakia jirani wa Eleuterio, Casimiro. "Sisi twapaita Maji Meusi tangu enzi za mababu. Andika hivyo, binti, tukanywe supu."

Watu wakacheka. Kosa hilo lilikuwa limewachekesha miaka mingi, na Eleuterio naye alicheka ilipobidi.

Yeye ndiye aliyewaswagia wapimaji wa kwanza nyumbu wao. Walifika maji ya kijito hicho yakiwa yameshamchukua bintiye. Mwili haukuonekana, na kwao roho iliyopotea huitwa palepale ilipopotelea, kwa nguo ya mwenyewe. Basi mkewe alisimama ukingoni akipunga kijisketi, akiita, "Hampuy, Nicasia." Rudi nyumbani, Nicasia. Mpimaji, ambaye Kikechua chake, lugha ya bonde hilo, kilitosha kuombea mayai tu, aliuliza kijito chaitwaje. Eleuterio alimgeukia mkewe, aliyekuwa bado akiita. Mpimaji akatega sikio, akashukuru, akaandika.

Kaburi hakuna. Cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuwepo. Mama aliyeita naye amekwisha kufa. Kilichobaki cha mtoto ni neno hilo, nalo limekosewa herufi.

"Liacheni," alisema Eleuterio. "Ni mama yake Nicasia aliyekuwa akiita."

Casimiro alivua kofia. Kicheko kilikuwa kimemwishia mdomoni. "Liache, binti. Mimi sikujua."

Ximena alipekua karatasi zake, akachelewa kuinua macho. "Ningeliacha, mzee. Lakini ramani mpya ni ya mkoa mzima. Vijito vidogo hivi haviandikwi majina."

Eleuterio aliondoa kidole.

"Sawa," alisema. "Hata yeye alikuwa mdogo."

Kisha akawashikia ncha moja ya ramani, wakaikunja.