Sauti ya Bi Fausta

Harufu ya nywele za bandia zikichovywa kwenye maji ya moto hunirudisha Malvern, mtaa wa Johannesburg, katika saluni ya mama yangu, majira ya baridi nilipokuwa na miaka kumi. Chumba cha juu alipanga Bi Fausta, Mwitaliano mzee aliyemfuata mume Johannesburg akabaki mjane. Kwao alikuwa mwigizaji: mtumishi, mtawa, jirani mmbea, sura za kupita tu. Riziki yake hasa ilikuwa sauti, kwani filamu nyingi za kwao zilitiwa maneno baadaye studioni, na warembo kadhaa walisema kwa koo lake. Alinifundisha kazi hiyo mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. “Usitazame midomo,” aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuvunjika, “tazama koo. Pumzi hutangulia neno.” Leo nina diploma ya utangazaji kutoka Nairobi na studio yenye jina langu mlangoni, na hakuna aliyenibeba, lakini somo linalonilisha ni lile.

Siku moja alipata kanda ya filamu yake ya zamani, akatualika wote. Wasusi waliacha vichwa vya wateja vimesukwa nusu. Malkia wa filamu hiyo aliposema, tuliitambua sauti ya Bi Fausta, tukapiga vigelegele. Kisha akatokea mwenyewe, bado kijana, amebeba sinia. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mwanamke mwingine.

“Sasa Mama Fausta, yako wameipeleka wapi?” mama alimtania.

“Yangu ilikuwa na kazi kwa malkia.”

Tulicheka. Yeye alisogeza kiti karibu na televisheni, akayafuata majina yaliyokuwa yakipanda hadi la mwisho. Lake halikuwemo, si kwa sura wala kwa sauti. Wasusi walirudi kazini, naye akabaki akiitazama skrini nyeusi. Mcheza kwao hutunzwa, husema Waswahili. Yeye alicheza kwao.

Ndiyo maana niliporudi kutoka Nairobi niliweka sharti: jina langu lisipoandikwa, sisemi. Wateja wengi walinicheka wakaenda kwa wengine, sikulegea. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu sinema kutazama filamu niliyoitia sauti, na jina likaandikwa kweli. Lakini lilipopanda watu walikwisha kuinuka, taa zimewashwa, wafagiaji wanaingia na mifuko ya taka. Binti yangu alikuwa mlangoni, akiniita kwa Kiingereza twende. Nilibaki kitini, nikalisoma peke yangu.