Nilimficha Nesi Asali ya Mume Wangu

Asalaam aleykum admin, na nyote mnaousoma ukurasa huu. Hamjambo na watoto? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaumwa. Jina langu nifichie.

Nina miaka 49, naishi Nkuhungu. Mume wangu alipasua kokoto miaka mingi, mapafu yamechakaa. Mwezi huu kifua kilimbana, akalazwa. Nesi wa wodi, binti mpole, akaniambia, "Mama, hii dawa ya kutuliza mapafu inapandisha sukari. Tutampima kidoleni na kumchoma insulini ya kuishusha. Vitamu asile, na chochote unachomlisha, niambie." Nikaitikia.

Wifi yangu akaja kutoka Kolo na chupa ya asali. Nikamwambia vitamu vimekatazwa. Akanicheka. "Wifi nawe! Asali nayo ni sukari? Hii dawa, Mungu mwenyewe kaisema. Au unataka kaka yangu afe na kikohozi?" Nikaona haya. Kila asubuhi natia vijiko vitatu kwenye uji wa uwele. Nesi akiuliza, nasema uji mtupu. Sukari ikapanda, daktari akaongeza insulini, ikapanda tena, akaongeza.

Siku ya sita asali ikaisha. Nesi akachoma kipimo kilekile cha insulini alichoandikiwa. Kabla ya adhuhuri mume wangu akalowa jasho, akatetemeka, akaniita kwa jina la marehemu mama yake, kisha akazimia. Wakamzindua kwa dripu ya sukari, alhamdulillah.

Wifi kusikia, akaja anapiga kelele wodi nzima: "Katoto haka kamezidisha sindano, kanataka kuniulia kaka!" Akaandika malalamiko na shemeji zangu. Binti wa watu analia, ananitazama mimi, nami nimejiinamia. Kwenye korido wifi akanishika mkono: "Ukitaja asali, nakukana. Sisi ndugu, wewe wa kuja. Wataamini nani?"

Huyu nimemlea uzazi wake wa watoto watatu, jamani. Leo ananiita wa kuja.

Miaka yote naswali, na neno moja la kweli limenishinda. Mume wangu bado yuko kitandani, na daktari anakisia tu kwa nini sukari ilipanda na kushuka vile. Jumatatu nesi anaitwa kujieleza, huenda akafukuzwa. Nikisema, ukoo mzima utasema nilikuwa namuua mume wangu, na yeye mwenyewe sijui atanitazamaje.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nawaomba mnijibu upesi, kabla ya Jumatatu.