Prosesa Tuliyochagua Kabla Dada Hajaingia Utawani

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi pale Sumbawanga, mimi na dada yangu Paskazia tumesimama kwenye duka la fundi wa kompyuta, tunabishana. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kufika hata huku kwetu juu. Sote wawili tulikuwa wachapaji kwenye ofisi za watu, na kwenye kompyuta ya bosi wangu tulikuwa tumeonja gemu la mashindano ya magari. Likatuingia kwenye damu. Tukaamua kuunda mashine yetu wenyewe, ya kuchezea.

Kasha tulishapata, mazabodi, ule ubao mkuu wa kuchomekea vipuri, tulishapata. Ilibaki prosesa, ule ubongo wa mashine. Fundi alitueleza wazi kwamba anayo moja ya kasi ya wastani, inayoingia kwenye mazabodi yetu siku hiyohiyo. Ile mpya, ya kasi sana, ingebidi iagizwe Dar es Salaam pamoja na mazabodi yake, na ingefika baada ya mavuno. Mimi nikasema tungoje. Nilitaka mashine ambayo haitapitwa upesi.

Mama yako mkubwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameshakubaliwa utawani. Akishamsaidia mama kuvuna ulezi kule kijijini Msanzi, anaondoka. Nilijua, ila sikutaka kulifikiria. Akaichukua ile ya wastani, akaiweka kiganjani.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe unachagua ya kuchezea mwakani. Mimi nataka ya kucheza na wewe sasa."

Tukaichukua hiyo.

Mwanzoni magari yalikuwa yanakwama kwenye kona. Fundi akatufundisha kupunguza mapambo. Tukafuta miti, tukafuta watazamaji, barabara ikabaki tupu kama ya kwenda Kate wakati wa kiangazi, na magari yakakimbia. Kila jioni tuliketi bega kwa bega, vidole vyake upande huu wa kibodi, vyangu upande ule, viwiko vinagongana. Alikuwa ananishinda, kisha anacheka taratibu, amejifunika mdomo kwa kanga. Sijui kama huko utawani walipata kukisikia kicheko kile.

Ulezi ulipovunwa, nilimsindikiza stendi. Nikamwambia mashine nitaifunika mpaka atakapokuja likizo. Akatikisa kichwa. "Cheza tu, usiningoje."

Baadaye ile ya kasi ilifika, nikainunua. Miti ikarudi, watazamaji wakarudi, wanashangilia. Nikacheza raundi moja, nikazima.

Leo yuko misheni ya mbali. Hupiga simu Krismasi, tunaulizana afya, sauti yake imezeeka kama yangu. Gemu hatulitaji. Nadhani kila mmoja anaogopa kuanza.

Sasa umeniuliza uchukue prosesa ipi. Mwanangu, tazama kwanza gemu unalolicheza, uchukue inayolitosha na inayoingia kwenye mazabodi yako. Hela itakayobaki, weka kwenye kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini. Ila kabla ya hayo yote, jiulize ni nani atakaa pembeni yako, na atakuwepo mpaka lini. Kama yupo sasa, usingoje ya kasi zaidi. Hiyo itatoka mwaka huu, na mwaka ujao itatoka nyingine.

Mungu akujalie mashine isiyokwama, mwanangu. Akujalie na mtu wa kucheza naye, na asimwite mbali nawe kabla hamjachoka kucheka.